Motuihe, kisiwa alikotoroka Luckner

Kilichonivuta hadi Motuihe, kisiwa kilicho karibu na Auckland, New Zealand, ni magazeti ya Auckland ya Desemba 1917. Maktaba ya Taifa ya New Zealand imeyaweka kwenye mtandao wake wa Papers Past, na yeyote anayasoma bure. Nilikesha nikiyapekua. Yamejaa hasira: mfungwa wa Kijerumani wa Vita vya Kwanza vya Dunia, Felix von Luckner, katoroka kambi ya wafungwa kisiwani humo na motaboti ya mkuu wa kambi mwenyewe, na watu wanauliza walinzi walikuwa wapi.

Gatini, kabla ya kupanda boti, tulifungua mikoba ikaguliwe panya na sisimizi. Mhudumu alichuchumaa akachunguza soli za viatu vyangu, akachomoa mbegu moja ya jani. Sikuona usumbufu. Kisiwa kimesafishwa wanyama waharibifu ili kiwi na ndege wengine wa asili waishi, na panya mmoja mwenye mimba anatosha kuharibu kazi ya miaka.

Tulikiacha kisiwa cha Rangitoto kushoto, nami nikawa naiwaza Seeadler, meli aliyoiongoza Luckner vitani. Iliundwa Uskoti mwaka 1888, meli ya matanga yenye milingoti mitatu. Wajerumani waliiteka 1915, wakaifunga injini na mizinga miwili, wakaipa sura ya meli ya Norway, na Desemba 1916 ikapenya kati ya manowari za Waingereza. Kwa kuwa ilisukumwa na upepo, haikutegemea bandari za makaa ya mawe. Ilizamisha meli za mizigo kuanzia Atlantiki hadi Pasifiki, huku ikiwachukua mabaharia wa meli hizo mateka. Luckner anasifiwa kwamba hakumwaga damu. Hapana. Kwenye Horngarth, mojawapo ya meli ilizozishambulia, kijana Douglas Page alikufa, baada ya kombora kupasua bomba la mvuke. Kila nikisimulia habari hizi humtaja, maana wengi humruka.

Tarehe 2 Agosti 1917 Seeadler iliishia mwambani huko Mopelia, kisiwa kidogo cha Pasifiki. Luckner alidai ni wimbi kubwa. Mateka wa Kimarekani walisema mkondo uliiburura watu wakiwa ufukweni. Mimi nawaamini mateka. Wimbi la namna ile lingesikika mpaka visiwa vya jirani.

Luckner na wenzake watano walichukua mashua ya wazi, wakasafiri zaidi ya maili 2,000 hadi Fiji, wakakamatwa huko kwenye kisiwa cha Wakaya na kuletwa Motuihe.

Motuihe ni nyembamba katikati, ufukwe huku na ufukwe huku. Nilipanda hadi kwenye rasi ilikokuwa kambi. Ukisimama pale unaelewa: gati liko chini tu, na bahari iko wazi. Wafungwa walisingizia maandalizi ya mchezo wa Krismasi, kumbe wanashona tanga na bendera. Wakaondoka tarehe 13 Desemba, wakateka jahazi la mbao liitwalo Moa, na wakakamatwa tena visiwa vya Kermadec siku nane baada ya kutoroka.

Rasini hapo niliwafikiria zaidi walioachwa Mopelia. Mabaharia wa Seeadler waliobaki waliteka jahazi la Kifaransa, Lutece, wakakimbilia Kisiwa cha Pasaka. Mateka wakabaki na chakula kidogo. Basi nahodha wa R. C. Slade, meli ya Kimarekani iliyozamishwa na Seeadler, naye akiwa mmoja wa mateka hao, akaingia mashua ya wazi na wenzake wachache, wakavuka karibu maili 1,000 hadi Pago Pago, huko Samoa ya Marekani, kuomba msaada, na wenzao wakaokolewa. Safari hiyo nayo ilistahili kusimuliwa miaka yote hii.