Nilivyojiandaa na mtihani wa vitendo wa stashahada ya uuguzi, Mtwara

Nilipoaga zahanati kwenda kusomea stashahada, kila mtu aliniambia mtihani wa vitendo hautanisumbua. Nilikuwa muuguzi wa cheti huko Tandahimba, kwenye zahanati ya wahudumu wachache, ambako usiku mmoja unaweza kupokea mama mwenye uchungu, mtoto mwenye degedege na mzee aliyedondoka kwenye mkorosho, na wa kuwapokea wote ni wewe. Mikono ilikuwa imeshazoea kazi. Aliyenitahadharisha ni mkufunzi wetu mmoja ambaye naye alijiendeleza kutoka cheti. Alituambia kwamba mtahini wa OSCE hasahihishi unachokijua, anasahihisha anachokiona na anachokisikia. Maneno hayo ndiyo niliyoyafanyia kazi mpaka siku ya mtihani.

Kwa ambaye hajakutana na OSCE, ni mtihani wa vituo. Unasoma swali mlangoni, unaingia, unafanya prosija, yaani kazi fulani ya uuguzi, mbele ya mtahini aliyeshika orodha ya hatua, na kengele ikilia unaondoka hata kama glavu bado ziko mikononi. Mtindo huu ulibuniwa na Ronald Harden na wenzake kule Dundee, Uskoti, na wakauchapisha mwaka 1975. Sababu yao naiheshimu sana. Kabla ya hapo mwanafunzi mmoja aliweza kupangiwa mgonjwa mwepesi na mtahini mpole, mwenzake akaangukia kwa mgonjwa mgumu na mtahini mkali, halafu wote wawili wakalinganishwa kwa alama. Kwenye vituo swali ni lilelile na orodha ni ileile kwa kila anayeingia. Ndiyo maana mtahini hana ruhusa ya kukupa alama kwa kukuhurumia, wala kwa kuona tu kwamba huyu dada ni mzoefu.

Chukua hatua ya tatu ya uzazi, ile ya kusubiri kondo la nyuma litoke. Mtoto akishatoka, kabla ya kumchoma mama oksitosini uniti 10 kwenye msuli ndani ya dakika moja, unapapasa tumbo kuhakikisha hakuna mtoto mwingine. Mkunga mzoefu mkono wake unapapasa huku jicho liko kwenye bomba la sindano, na hamwambii mtu. Wodini hilo linatosha. Kwenye OSCE hiyo ni hatua yenye alama yake, na mtahini aliyekaa pembeni anaweza asiuone mkono wako kabisa. Ukisema kwa sauti, "Mama, nashika tumbo kidogo kuhakikisha hakuna mtoto mwingine kabla ya kukupa sindano ya kuzuia damu isitoke nyingi," umefanya mambo matatu kwa pumzi moja: mtahini amesikia, mama ametulia, na wewe mwenyewe umejikumbusha mpangilio.

Tulianza kufanya mazoezi kwa vikundi, jioni, kwenye chumba cha vitendo cha chuo. Kikundi chetu kilichanganya sisi tuliotoka kazini na wadogo waliotoka moja kwa moja kidato cha nne. Naupendekeza mchanganyiko huo kwa yeyote. Wadogo wale orodha za hatua walikuwa nazo kichwani neno kwa neno, hawaruki kunawa mikono, hawasahau kuuliza majina mawili ya mgonjwa na kuyalinganisha na faili. Sisi tuliwapa mkono: namna ya kushika kanula, yaani kile kimrija cha dripu kinachoingia mshipani, namna ya kuupata mshipa kwa kidole kabla ya jicho, namna ya kupanga trei ili usije ukaikimbilia pamba katikati ya kazi.

Tatizo likajitokeza baada ya muda. Tulikuwa tumezoeana mno. Mwenzangu kutoka Nachingwea akilala kitandani kuigiza mgonjwa, kabla sijafungua mdomo ameshanyoosha mkono, ameshakunja ngumi, ameshageuza uso upande wa pili. Maelezo yangu yalikuwa yanapita juu juu kwa sababu yule niliyekuwa nikimweleza anajua zaidi ya ninachosema. Nikaona ninahitaji mgonjwa asiyejua lolote kuhusu uuguzi.

Nilikuwa nimepanga chumba Magomeni, hapa Mtwara mjini, kwa bibi mmoja wa Kimakonde anayeishi na wajukuu zake. Nikamweleza shida yangu, akakubali, kwa sharti kwamba hachomwi sindano ya kweli. Basi jioni nikirudi namkuta barazani anabangua korosho, namsaidia kidogo, kisha tunaanza. Trei yangu ilikuwa sinia la chai. Dripu, chupa tupu niliyoiosha, ilining'inia kwenye kamba ya nguo.

Siku ya kwanza nilimfunga mpira mkononi, nikaanza kupapasa mshipa. Akanitazama.

"Mwanangu, umenifunga mkono kama mwizi. Nimefanya nini?"

"Bibi, natafuta mshipa ili nikuwekee dripu."

"Ungesema kwanza. Na hiyo dripu ya nini? Mimi naumwa nini leo?"

Akaendelea hivyo kila jioni. Itauma? Itakaa muda gani? Nikitaka kwenda chooni je? Na siku moja akauliza lile ambalo wanafunzi wenzangu hawakuwahi kuniuliza hata mara moja: "Na nikikataa?" Kwenye orodha zetu imeandikwa "omba ridhaa", na sote tulikuwa tukiisema kama salamu, bila kungoja jibu. Bibi aliingoja nafasi yake. Akasema anakataa. Ikabidi nikae chini, nimuulize anahofia nini, nimweleze faida ya dawa na madhara ya kuikosa, nimpe muda, nimwambie kwamba uamuzi ni wake na kwamba nitauandika kwenye faili na kumjulisha daktari. Alisikiliza yote, kisha akasema, "Haya, sasa weka." Nakiri nilijisikia furaha ambayo doli la chuoni halijawahi kunipa.

Kubwa kuliko yote nililolipata kwake lilihusu elimu ya afya. Tulikuwa tunafanya kituo cha mama mwenye mtoto anayeharisha: ORS, ile dawa ya unga ya kurudisha maji na chumvi mwilini, pakiti moja kwenye lita moja ya maji safi na salama, zinki kila siku kwa siku 10 hadi 14 hata kama kuharisha kumekoma, miligramu 10 kwa mtoto wa chini ya miezi sita na 20 kwa mkubwa wake, aendelee kunyonya na kula, na dalili za hatari za kumrudisha haraka. Nikamaliza, nikauliza, "Umeelewa, bibi?" Akajibu, "Eeh, nimeelewa mwanangu, Mungu akubariki." Baadaye tukiwa tunakula ming'oko nikamuuliza ile zinki anampa mjukuu siku ngapi. Akasema mpaka aache kuharisha.

Alinijibu "nimeelewa" kwa adabu. Huku kwetu mtu mzima hamwambii mhudumu aliyejitahidi kueleza kwamba hajaelewa, ataona anamvunjia heshima. Nikafikiria akina mama wote wa kliniki walionijibu hivyo na nikaliacha swali lile kabisa. Badala yake nilianza kusema, "Bibi, nisaidie kujua kama nimeeleza vizuri. Ukifika nyumbani utamchanganyiaje hii dawa, na utaacha lini?" Hapo mzigo unakuwa wangu, haumwelemei yeye, na jibu linatoka la kweli. Kwenye orodha za watahini hatua hii imo, huwa imeandikwa kwa ufupi tu kuwa mwanafunzi ahakikishe mgonjwa ameelewa. Wengi hupita nayo kwa neno moja na kupoteza alama, lakini mimi ninaihesabu kuwa moyo wa kituo kizima.

Mahesabu niliyafanya asubuhi, kabla ya kelele. Matone kwa dakika ni ujazo mara matone ya mililita moja, gawanya kwa dakika. Lita moja kwa saa nane, kwa seti ya matone 20: 1000 mara 20, gawanya kwa 480, unapata 41.7, unaweka 42. Parasetamo ya mtoto wa kilo 12 kwa miligramu 15 kila kilo ni 180, na kama chupa ina miligramu 120 kwenye mililita 5, anapata mililita 7.5. Fanya mpaka usihitaji kufikiri, basi. Kwenye vituo vya kimya, vile ambavyo hakuna mgonjwa, muda unaliwa na wasiwasi zaidi ya hesabu yenyewe.

Magnesiamu salfeti nayo niliiandikia kadi, nikaibandika juu ya ndoo ya maji: 16, goti, 30. Maana yake, kabla ya kurudia dozi kwa mama mwenye kifafa cha mimba, hakikisha anapumua angalau mara 16 kwa dakika, goti linaruka ukiligonga, na mkojo haujashuka chini ya mililita 30 kwa saa katika saa nne zilizopita. Kimoja kikikosekana husogezi sindano, na kalsiamu glukoneti, dawa ya kuzima madhara ya magnesiamu ikizidi, iwe karibu. Wajukuu wa bibi walikuwa wakiiimba kadi hiyo wakichota maji.

Kituo nilichokipa jioni nyingi zaidi ni kumsaidia mtoto mchanga asiyepumua. Sikukipa muda huo kwa ajili ya alama. Nimetoka zahanati, na najua maana ya ukimya baada ya mtoto kutoka. Mafunzo ya kumsaidia mtoto kupumua yalipopelekwa kwenye hospitali nane za hapa Tanzania, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 yalionyesha vifo vya watoto ndani ya saa 24 za mwanzo vilipungua kwa asilimia 47. Hakuna mashine kubwa hapo. Ni kitambaa kikavu, ambubagi (mfuko wa kubana kwa mkono unaompulizia mtoto hewa), na mtu anayejua la kufanya ndani ya dakika ya kwanza, tunayoiita dakika ya dhahabu.

Tulifanya kwa doli, mwenzangu ameshika simu anahesabu sekunde. Mkaushe, msugue mgongo. Hapumui? Bana na kata kitovu, mlaze kichwa kikiwa kimeinuka kidogo kama anayenusa, weka barakoa ifunike kidevu, mdomo na pua, anza kupuliza, pumzi 40 kwa dakika. Jicho liko kifuani. Kifua kisipopanda, huongezi nguvu kwanza: unaweka barakoa upya, unarekebisha kichwa, unasafisha mdomo na kuufungua kidogo, ndipo unabana kwa nguvu zaidi. Na muda wote nasema, "Kifua kinapanda," au "Kifua hakipandi, narekebisha kichwa." Hiyo sauti ilinisaidia kwa namna ambayo sikuitarajia. Inapunguza kasi ya moyo. Mkono hauwezi kukimbia zaidi ya mdomo.

Siku ya mtihani niliamka mapema, nikala, nikapiga pasi sare, nikakata kucha, nikaacha pete na bangili nyumbani, nikabeba saa ya sekunde. Viatu viwe visivyobana, mawazo yasije yakaishia kwenye vidole. Kituo cha presha kilipita, cha kidonda kikapita, cha mahesabu nikamaliza nikabaki natazama karatasi. Kituo cha ushauri alikuwepo mama mwigizaji, amejifunga kanga, na mtoto wa doli mgongoni. Nikamwamkia, nikajitambulisha, nikamuuliza jina la mtoto. Nilipofika kwenye "nisaidie kujua kama nimeeleza vizuri", alisita, akakosea siku za zinki kwa makusudi, nadhani alikuwa ameelekezwa hivyo. Nikaeleza upya taratibu, akarudia kwa usahihi. Mtahini aliandika bila kuinua kichwa.

Cha mwisho kilikuwa cha mtoto mchanga. Nilisema kila nilichokifanya, kuanzia kunawa mikono mpaka kumpa mama habari za mtoto wake, maana huyo mama yupo hata kama hakuna aliyelala kitandani. Kengele ikalia ndiyo kwanza nimesema, "Anapumua mwenyewe, namweka kifuani kwa mama apate joto."

Nilifaulu vituo vyote, na baadaye nikaandikishwa na Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania. Sasa niko wodi ya wazazi. Wanafunzi wa mazoezi wakija zamu yangu, kazi ya kwanza ninayowapa ni kumweleza mama mmoja jambo moja, kisha mama huyo anieleze mimi.