Kukimbia ndani ya geti: marathoni ya Jeshi la Anga kule Ohio

Swali linalotangulia yote ni hili: mimi si mwanajeshi, geti nitapitaje? Utapita kwa namba ya kifuani. Marathoni ya Jeshi la Anga la Marekani, pale kambi ya Wright-Patterson karibu na Dayton, Ohio, ilianza 1997, mwaka jeshi hilo lilipotimiza miaka 50. Hufanyika kila Septemba, na wasio wanajeshi hukimbia pamoja na wenye vyeo. Njia imepimwa rasmi, kwa hiyo muda utakaoupata unatambulika hata ukitaka kuombea nafasi ya marathoni ya Boston, inayodai muda wa kufuzu. Kilomita ni zilezile 42.195. Kinachobadilika ni mazingira yake, na hapo ndipo wengi huumbuka: wamejiandaa kwa umbali, hawakujiandaa kwa kambi.

Mbio huanzia na kuishia kwenye viwanja vya makumbusho ya taifa ya jeshi hilo, ambavyo mtu yeyote hufika bila kibali. Njia ikishaingia kambini, upo chini ya sheria nyingine. Namba yako ndiyo ruhusa yako. Ibandike kwa pini nne mbele ya fulana utakayomaliza nayo. Usiibandike kwenye sweta la kutupa. Alfajiri ya Septemba hapo huwa na baridi, nyuzi 13 hivi, kwa hiyo watu huvaa nguo kuukuu, wakishapata joto wanazivua na kuzirusha pembeni, na namba inakwenda nazo pamoja na chipu ya muda. Ukibaki bila namba kwenye mbio za mjini utakosa tu muda wako. Kambini utasimamishwa. Kumwazima rafiki namba ni kosa lingine baya: akianguka, madaktari watatibu jina lisilo lake. Na kujipenyeza bila kujiandikisha, jambo ambalo mjini huchukuliwa kama ujanja, huku ni kuingia eneo la jeshi bila idhini, kosa la jinai kwa sheria ya shirikisho. Mwenye makaratasi ya uhamiaji yanayosubiri majibu asijaribu kabisa.

Soma masharti ya mwaka wako, si ya mwaka jana, maana ngazi ya ulinzi ikipanda, njia na utaratibu wa kuingia hubadilika. Kuchukua namba nenda na kitambulisho chenye picha. Pasipoti ya nyumbani ibebe hata kama una leseni ya udereva. Begi liwe la plastiki linaloonyesha ndani. Kisu kidogo kwenye funguo za nyumba kiache kwenye gari. Droni usifikirie. Kuhusu bangi, Ohio iliihalalisha kwa watu wazima mwaka 2023, lakini kambi ni ardhi ya serikali kuu na sheria ya jimbo haifiki huko. Peremende zenye dawa hiyo zilizosahauliwa mfukoni mwa koti zinaweza kukuharibia zaidi ya mbio.

Kuhusu picha: piga mwanzoni, piga mwishoni, piga na wahudumu. Usipige geti, walinzi wala eneo la maegesho ya ndege. Na ukiona mstari mwekundu uliochorwa chini kwenye uwanja wa ndege, huo si pambo. Ndio mpaka wa eneo lililofungwa. Ndani yake mtu asiye na beji hulazwa kifudifudi kwanza, maswali baadaye. Anayetafuta mahali pa kujisaidia asubiri vyoo vya njiani, asiingie nyuma ya jengo lolote.

Hayo ni ya askari. Sasa ya mkimbiaji.

Jambo la kwanza ni ukimya. Kwenye marathoni za mijini kuna watu barabarani karibu mwanzo hadi mwisho, ngoma, watoto wa kukupiga tano. Ndani ya kambi mashabiki hawaruhusiwi kuzurura, kwa hiyo kuna vipande virefu ambako utasikia viatu vyako na pumzi za jirani tu. Wahudumu wa vituo vya maji, wengi wao wanajeshi na familia zao, hushangilia kweli, ila kati ya kituo na kituo ni wewe na barabara. Familia msiwaambie "tukutane kilomita ya 30", hawatafika. Ndugu aliyeshika jeli zako atabaki nje ya uzio, nawe ndani unazihitaji. Beba zote tangu mwanzo. Hesabu yake si ngumu: mwili huchoma karibu kalori moja kwa kila kilo ya uzito kwa kila kilomita, hivyo mtu wa kilo 70 anahitaji takribani 2,950 kwa safari nzima, na akiba ya wanga kwenye misuli na ini ni kama 2,000. Jeli moja ina gramu 25 hivi za wanga, yaani kalori 100. Anayelenga saa nne abebe sita au saba, aanze dakika ya 40, kisha moja kila nusu saa, njaa iwepo isiwepo. Anayesubiri kuchoka ndipo ale amechelewa. Tumbo lililokwisha kunyimwa damu halipokei tena.

Jambo la pili ni upepo, na hapa kambi ya ndege inakupa siri bure. Viwanja vya ndege hujengwa kufuata upepo unaovuma mara nyingi, kwa sababu ndege hupaa na kutua ikiukabili. Namba kubwa iliyochorwa kwenye ncha ya njia ya kurukia ni dira: ongeza sifuri upate nyuzi. Wright-Patterson zipo 05 na 23. Hiyo 23 ni nyuzi 230, kusini-magharibi, na huko ndiko upepo hutoka siku nyingi. Maana yake, kila unapoelekea kusini-magharibi kwenye uwazi tegemea upepo wa uso, na hakuna jengo wala mti wa kuukata: njia kuu ya kurukia pekee ina urefu wa mita 3,800 hivi. Ukifika vipande hivyo usiwe wa mbele. Tafuta kundi, jifiche hatua moja nyuma ya mgongo mpana, na sahau saa. Kulazimisha kasi ileile dhidi ya upepo ni kulipa mara mbili, maana ukigeuka upepo hautakurudishia ulichotoa chote.

Jambo la tatu ndilo linalojaza mahema ya matibabu. Jua.

Alfajiri ya nyuzi 13 hudanganya. Wa saa nne humaliza kama saa tano na nusu asubuhi, na mchana wa Septemba hapo hufika nyuzi 25 au 26, siku mbaya zaidi ya hapo, hewa ikiwa nzito kwa unyevu. Kivuli ni kidogo. Katika njia utaona bendera za rangi: kijani, njano, nyekundu, nyeusi. Mfumo huu wa bendera una mizizi jeshini. Miaka ya 1950 kambi ya mafunzo ya Marine, askari wa majini wa Marekani, kule Parris Island, South Carolina, ilikuwa ikiangusha makuruta kwa joto, na watafiti wakabuni kipimo kinachochanganya mambo matatu: asilimia 70 kutoka kipimajoto kilichovishwa kitambaa kibichi, 20 kutoka kilicho ndani ya tufe jeusi linaloanikwa juani, na 10 kutoka cha kawaida kivulini. Tazama unyevu ulivyopewa uzito. Jasho halikupoozi kwa kutoka, hukupooza kwa kukauka. Hewa ikishajaa maji, jasho linadondoka chini bure na joto linabaki mwilini. Jeshini bendera nyeusi hupanda kipimo hicho kikifika nyuzi 32.2. Kwenye mbio usingoje namba hiyo: waganga wa michezo hupendekeza marathoni isianze kabisa kikipita 28.

Hapa kuna maradhi ya watu wetu, kuamini kwamba Mwafrika hachomwi na jua. Iten, mji wa wakimbiaji kule Kenya, upo mita 2,400 juu ya bahari na asubuhi zake ni za sweta. Aliyekulia huko hana kinga ya joto zaidi ya mtu wa Cleveland. Hata wa Mombasa au Kigoma akikaa miaka mitatu kwenye viyoyozi amerudi sifuri. Kinga hujengwa kwa siku 10 hadi 14 za kukimbia mchana, dakika 45 hadi 60, polepole, na ikiachwa wiki chache hupotea. Kwa hiyo mwisho wa Agosti acha kukimbia alfajiri tu.

Siku yenyewe, bendera ikiwa njano ongeza sekunde 10 kwa kila kilomita tangu kilomita ya kwanza. Usingoje ya 25. Ikiwa nyekundu, sahau muda uliopanga. Geuza iwe mazoezi marefu. Maji kati ya mililita 400 na 800 kwa saa yanawatosha wengi. Kuna wanaokunywa vikombe viwili kila kituo kwa woga, wanamaliza wakiwa wazito kuliko walivyoanza, vidole vimevimba pete haitoki, kichwa kinagonga, wanatapika. Hao chumvi ya damu imeshuka, na kuwaongezea maji ni kuwaua. Kipimo rahisi: jipime kilo kabla na baada ya mazoezi marefu. Kupungua kilo moja au moja na nusu ni kawaida. Kuongezeka hata nusu kilo ni kosa.

Njia yenyewe si mbaya. Maili za mwanzo zina mpando, na kila mtu anaupanda kwa kasi kwa sababu miguu ni mipya na ndege za jeshi zimetoka kupita juu ya vichwa. Upande kwa pumzi, si kwa saa: ukishindwa kusema sentensi nzima, punguza. Kwingine ni tambarare na mawimbi madogo. Zege likikutana na lami, hamia kwenye lami, goti litakushukuru. Barabara za kambi ni pana na kona zake ni ndefu, kwa hiyo kata kona ndani kwa ndani pale palipofungwa kwa ajili yenu. Wapimaji hufuata mstari mfupi kuliko yote, sentimita 30 kutoka ukingo, kisha huongeza mita moja kwa kila elfu ili njia isitoke pungufu. Ndiyo maana saa ya mkononi mwishoni huandika 42.5 au 42.8 na watu wanalalamika njia imezidi. Haikuzidi, walitangatanga. Anayepanga kasi apange kwa 42.6.

Wachelewaji wajue hili mapema. Mjini barabara ikifunguliwa, unapanda kando ya njia na kuendelea kwa miguu hadi utakapofika. Ndani ya kambi hakuna "endelea mwenyewe". Aliyepitwa na muda hupandishwa gari. Tembea kwa mpango, dakika nne mbio, moja mguu, tangu mwanzo. Usisubiri mguu uamue.

Wimbo wa taifa ukipigwa kabla ya kuanza, vua kofia, simama, tazama bendera, kaa kimya. Si lazima uimbe wala uweke mkono kifuani kama si nchi yako. Kuendelea kunyoosha misuli ndiko kunakoudhi.

Kwetu jeshi na mbio ni wakwe wa siku nyingi: Filbert Bayi na Juma Ikangaa wa Tanzania walivaa gwanda, Paul Tergat alitoka jeshi la anga la Kenya, na Alphonce Simbu wa JWTZ, jeshi la Tanzania, alichukua dhahabu ya dunia ya marathoni Tokyo 2025 kwa tofauti ndogo kuliko kupepesa jicho. Marekani nako, Paul Chelimo, Leonard Korir, Shadrack Kipchirchir na Hillary Bor, wote wazaliwa wa Kenya, walikwenda Olimpiki ya Rio 2016 wakiwa askari wa nchi hiyo. Kwa hiyo ukipishana na mwenye fulana ya jeshi anayekwambia "pole pole ndugu", usishangae.

Kwa walio kwenye ajira za kambi za nje, Djibouti, Ghuba au Iraki, ambako hupangwa mbio ndogo za askari na wafanyakazi, tatizo ni jingine: eneo ni dogo, unazunguka mara nyingi, na kilomita ya 30 kichwa hakihesabu. Vaa raba za kufungia pesa mkono wa kushoto, idadi sawa na mizunguko, na kila ukipita meza ya muda hamishia moja kulia. Changarawe hutaka soksi nene kidogo na kitambaa cha kufunika mdomo wa kiatu.

Turudi Ohio. Ndani ya kambi kuna uwanja wa nyasi uitwao Huffman Prairie, ambako ndugu Wright walijifunzia kuruka kikweli. Tarehe 5 Oktoba 1905, Wilbur alizunguka hapo angani kwa dakika 39 na kufika karibu kilomita 39. Alitua kwa sababu mafuta yalikwisha. Zilibaki tatu na kitu atimize marathoni.

Ukimaliza, usiketi. Tembea dakika 15, kunywa kitu chenye chumvi, badili fulana kabla baridi ya jasho haijakupata. Makumbusho hayatozi kiingilio, na ndani ipo Bockscar iliyoangusha bomu Nagasaki, pamoja na ndege ya Rais Kennedy ambamo makamu wake Johnson aliapishwa kuwa rais 1963. Ndege hiyo unaingia hadi ndani, ila ujia wake ni mwembamba na wa nyuma yako wanasukuma. Ngazi za kupanda utaziweza. Za kushuka, shika reli, geuka, ushuke kinyumenyume kama mtoto.