Jirani akichungulia dirishani kwako

Bwana Yesu asifiwe wapendwa wangu.

Wiki hii niko likizo. Sheria ya kazi ya hapa kwetu Tanzania inampa mwajiriwa siku 28 kwa mwaka na mimi zangu huwa nazigawa, kipande hiki nimekichukua makusudi mwezi huu wa sita kwasababu shule zimefungwa, baba watoto naye kapewa ruhusa kazini kwake, na dada anayetusaidia kaenda kwao kumsalimia mama yake. Kwahiyo nyumba ni yetu wenyewe na jiko ni langu. Sijaenda Zanzibar, sijaenda mbugani, wala sijapanda basi la kwenda kijijini. Niko hapahapa Kimara na kanga yangu.

Sasa nilidhani itakuwa rahisi jamani. Ukishazoea kuamka saa kumi alfajiri ili uwahi mwendokasi haijajaa, mwili unasahau kukaa. Siku za mwanzo mi nimefua mapazia, nimepangua makabati, nimetoa vitu vyote stoo nikavirudisha palepale vilipokuwa, baba watoto ananiita njoo ukae kidogo namjibu nakuja na siendi. Halafu simu ya ofisini, "samahani dada najua uko likizo ila lile faili...", mnaijua hiyo. Nikajipa moyo na Marko 6, pale Yesu anapowaambia wanafunzi wake njoni ninyi peke yenu kwa faragha mkapumzike kidogo, maana watu walikuwa wanakuja na kwenda hata haikuwapo nafasi ya kula. Bwana aliona kwamba watu wake hawajala! Na mnakumbuka kilichofuata, umati ukakimbia kwa miguu ukafika ng'ambo kabla yao, likizo ikaishia majini. Kwahiyo ukipigiwa simu ukiwa likizo usijione una mkosi, hata mitume iliwakuta.

Lakini sio hilo lililonibana wiki hii. Lililonibana ni simu yangu mwenyewe. Juzi usiku nilikuwa natafuta risiti ya ada ambayo baba watoto aliwahi kunitumia, nikawa napandisha meseji zetu za WhatsApp kwenda juu. Wapendwa. "Luku imeisha." "Gesi inaelekea ukingoni." "Umelipa maji?" "Mtoto anakohoa tena." "Niko kwenye foleni." "Sawa." "Sawa." "Sawa." Nimepandisha mpaka miezi ya nyuma huko, hakuna ugomvi hata mmoja, hakuna neno baya, ukimpa mchungaji asome atasema hii ndoa ina amani. Na hakuna hata mahali pamoja ambapo tumecheka. Nikamgeuzia simu nikamwambia hebu soma. Akasoma, akanyamaza, akachukua simu yake, halafu yangu ikalia. Amekaa pembeni yangu palepale kwenye kochi ameniandikia: "umependeza". Nilikuwa nimevaa kilemba cha kulalia na dera lililochanika kwapani.

Nilicheka mpaka watoto wakaamka. Sasa baada ya hapo Roho akanipeleka mahali ambapo sikutegemea, Mwanzo 26, na ndipo nataka tukae leo.

Mnaijua habari. Njaa imeingia nchini, Isaka kashuka Gerari kwa Wafilisti, na akiwa kule akaogopa watamuua sababu mkewe ni mzuri, basi akasema huyu ni dada yangu. Ujanja uleule wa baba yake Ibrahimu. Wakakaa hivyo siku nyingi, Biblia inasema siku nyingi, na hakuna mtu aliyewashtukia. Mpaka siku moja mfalme Abimeleki anatazama dirishani anamwona Isaka anacheza na Rebeka mkewe. Akamwita hapohapo, hakika huyu ni mkeo! Hakuuliza cheti, hakuita mashahidi, wala hakuwa nabii kusema ameoteshwa. Ni mfalme wa Kifilisti na macho yake mawili, alitazama tu jinsi wanavyocheza akajua hapa hakuna kaka na dada.

Sasa nakuuliza mpendwa. Abimeleki akisimama dirishani kwako leo saa mbili usiku, ataona nini? Mmoja anaangalia mpira, mwingine ameinamia simu, mtoto katikati na katuni. Ataondoka anasema hawa ni kaka na dada, tena waliogombania shamba la urithi. Na mniwie radhi, sisi tuliookoka ndo tumezidi. Kanisani kila mtu ni mpendwa, tunakumbatiana, tunaitana mtumishi wa Mungu, ukifika nyumbani mwenzio humwiti hata jina, unaanza tu kuongea ukiwa unaangalia sufuria. Kuna kaka zetu wanajua kutoa machozi kwenye maombi ya taifa lakini hajui mkewe anapenda nini siku hizi. Na kuna dada zetu, mimi nikiwemo kwenye foleni hiyo, mume akikuchezea kidogo jikoni unamwambia hebu niache nina kazi, watoto wanaona. Waone! Waone wapi kama sio kwenu? Unataka wakajifunze mapenzi kwenye tamthilia?

Wengine mtasema mama wewe unaongea hivyo kwasababu mambo yako yamenyooka. Hebu rudini sura ya 25. Isaka alimwoa Rebeka akiwa na miaka 40, na watoto akawapata akiwa na miaka 60. Miaka 20 yote hiyo mke ni tasa na mume anamwombea. Halafu sura ya 26 inaanza na njaa. Halafu wako ugenini, halafu kuna hofu ya kuuawa. Ukimpa mtu wa leo nusu ya hayo mambo atanuna mpaka kiama. Na wanacheza! Kwahiyo usiniambie tutafurahi tukimaliza kujenga. Nyumba zetu hizi tunazijua, unaanza msingi mtoto yuko chekechea unapaua yuko sekondari, na siku mnahamia mnagundua mnajuana kwa habari za mifuko ya saruji tu. Usiniambie nikipanda cheo, mkopo ukiisha, watoto wakikua. Watoto wakikua wataondoka na wewe utabaki sebuleni na mtu ambaye mara ya mwisho kuongea naye kitu kisicho na bei ilikuwa fungate.

Mhubiri alishasema, ule chakula chako kwa furaha, na mstari wa pili tu kutoka hapo akasema uishi kwa furaha pamoja na mke umpendaye. Mhubiri 9, mstari wa 7 na wa 9. Ameweka chakula na mke karibukaribu, na mi wiki hii nimeona kwanini.

Jumamosi nimepika vitumbua. Sio vya unga wa dukani, vya mchele wenyewe, nimeuloweka usiku, asubuhi nikausaga na tui zito na iliki, nikatia hamira na sukari, nikafunika mpaka ukaumuka ukafika mdomoni mwa bakuli. Nikawasha mkaa, maana vitumbua vya gesi mi naona havina adabu, samahani kwa wenye nyumba za ghorofani. Baba watoto akaja na kigoda chake akasema nipishe nigeuze. Kashika kijiti cha mshikaki, vile vya kwanza si mnajua huwa vinang'ang'ania chuma, vikachanika vyote, watoto wakavila vikiwa makapi wakivipulizia, yule mdogo anamwambia baba yake "hujui". Vya awamu ya tatu vikaanza kutoka na ule mduara wa kahawia pembeni, hapo mzee akaanza kuringa, eti ana mkono. Nikamwambia una mkono wa kuchanachana. Tumekaa pale uani mpaka jua likatufuata, chai imepoa, hakuna aliyeuliza saa ngapi, na hakuna aliyetaja ada.

Nikakumbuka Yohana 21. Bwana wetu ametoka kushinda mauti, kaburi liko wazi, ana mamlaka yote, na anawakuta wanafunzi wake wamekesha ziwani bila kitu, wakifika pwani wanakuta moto wa makaa, samaki juu yake, na mkate. Anawaambia njoni mfungue kinywa. Yesu mfufuka amepika chai ya asubuhi kwa wanaume wazima! Halafu kuna kaka yangu mmoja hapa anasema akiingia jikoni heshima inashuka. Heshima gani hiyo iliyozidi ya Bwana? Sisemi kila mume apike kila siku, kila nyumba na mapatano yake, nasema siku moja moja kaa na mwenzio kwenye makaa, hata kama kazi yako ni kuharibu vitumbua.

Sasa nisipowaambia na hili nitakuwa nimewadanganya. Nyumba ya Isaka haikubaki hapo kwenye dirisha la Abimeleki. Fungua ukurasa mmoja tu mbele, sura ya 27. Isaka kazeeka, haoni, anamwagiza mwanawe Esau mawindo ampikie kile chakula kitamu anachokipenda. Rebeka anasikiliza pembeni. Haendi kuongea na mumewe. Anamwita Yakobo, pacha wa Esau, anamtuma amletee wana-mbuzi wawili, anapika kilekile chakula ambacho mzee anakipenda, anakijua vizuri kwasababu amempikia miaka yote, na safari hii anakipika ili amdanganye, baraka ya Esau imwendee Yakobo. Mikono ileile jamani, na viungo vilevile. Wameshagawana watoto, huyu wako huyu wangu, kila mmoja anapitisha mambo yake kwa mtoto. Na tafuteni kote kwenye Mwanzo maneno ya Rebeka kwa mumewe yaliyoandikwa, mtakuta ni yale ya mwisho wa sura ya 27 tu: "Nimechoka na maisha yangu." Basi. Anasema ni kwasababu ya binti za Hethi, wale wake za Esau, wakwe zake.

Walicheza lini mara ya mwisho? Biblia haijatuambia. Hakuna mahali imeandikwa waligombana. Ndo kinachonitisha mimi, maana hata kwenye simu yangu hakuna ugomvi. Ni luku na gesi na sawa, sawa, sawa.

Kwahiyo mpendwa, kama mna amani usiridhike haraka, amani ya watu wasioongea ipo. Mwite mwenzio leo. Sio kikao, tafadhali, usimwambie "tuna mambo ya kuzungumza" ukampandisha presha. Mpikie kitu anachokipenda, au muulize apike na wewe ukamenye vitunguu. Mchokoze kidogo. Mkumbushe siku ya send-off yenu yule mjomba aliyeng'ang'ania maiki. Mtanieni. Mnaona aibu kwa nani, ni wako! Na wale mnaooneana aibu kwasababu imepita miaka, anzeni na meseji, mi nimeona inafanya kazi hata mkiwa kochi moja.

Walio peke yao, mjane, aliyeachwa, ambaye mwenzi wake yuko mkoani au Uarabuni anatafuta maisha, sijawasahau na sitaki mjisikie tafakari hii imewaruka. Mna wazazi, mna wadogo zenu, mna jirani. Na sisi wenye meza tuwaite, vitumbua vyenyewe huwa vinabaki. Na kama kwako ndani kuna kipigo, sikuambii ukacheze, nakuambia utoke uje uongee na watu, usijifiche nyuma ya mistari.

Mwisho nina neno kwa viongozi wetu na naliomba kwa heshima zote. Jumatatu kamati ya ujenzi, Jumanne kwaya, Jumatano jumuiya za nyumbani, Alhamisi maombi, Ijumaa mkesha, Jumamosi usafi na mazoezi, Jumapili ibada mpaka saa tisa. Paulo alimwandikia Timotheo kwamba mtu asiyejua kuisimamia nyumba yake mwenyewe atalitunzaje Kanisa la Mungu, sasa ataisimamia saa ngapi? Wazee wetu wa kanisa wanafika nyumbani saa nne usiku wamechoka, wanakula kilichofunikwa, wanalala, halafu semina ya ndoa tunawaita wao wafundishe. Mimi sisemi tuache kuomba. Naomba Alhamisi moja kwa mwezi mtuachie. Tangazeni madhabahuni kabisa, Alhamisi hii hakuna kitu, nendeni mkale na watu wenu, na atakayeonekana kanisani arudishwe na walinzi. Mimi na baba watoto tumeshakubaliana ya kwetu itakuwa ni ya kwanza ya mwezi wa saba, hata kama ratiba haijabadilika, kwahiyo kwaya msinitafute siku hiyo, nitakuwa nasaga mchele.