Mama wa maabara na Lengo C

Ukifungua mpango mkakati wa taasisi ya umma hapa Tanzania, utakuta Lengo A ni mapambano dhidi ya UKIMWI na Lengo B ni mapambano dhidi ya rushwa. Hayo tunayakuta yamewekwa. Chuo kikuu huanza kusema ya kwake kwenye Lengo C, na hapo ndipo kikao chetu kilipokwama Mei 2016, Mbeya. Mimi nilikuwa afisa mipango mgeni kwenye sekretarieti, kazi yangu kuchapa kwenye bango kitita, lile jedwali la malengo na shabaha zake, kila kilichokubaliwa.

Serikali ilikuwa imebana semina za mahotelini, kwa hiyo tulikaa kwenye ukumbi wa chuo, makoti mwilini. Mpango wetu ulipaswa kuanza Julai 1, sambamba na Mpango wa Pili wa Maendeleo wa Taifa wa Miaka Mitano, 2016/17 hadi 2020/21, uliobeba uchumi wa viwanda. Viwanda vinataka wahandisi. Basi shabaha ya kwanza ya Lengo C ikawa kuongeza udahili wa uhandisi mara mbili ifikapo Juni 2018. Mwezeshaji aliikagua: inapimika, ina muda, ina mhusika. Nikachapa.

Mama mmoja akanyoosha mkono. Alikuwa fundi sanifu wa maabara ya umeme, mtu wa Rungwe, anayekaribia kustaafu. Baadhi ya wahadhiri waliokuwa wamekaa mbele yake ndiye aliyewafundisha kushika multimita, kifaa cha kupimia umeme.

"Mwenyekiti, naomba nihesabu kwa sauti," alisema, akaenda ubaoni.

Meza ni 12. Kila meza wanafunzi 4. Wa tano hagusi kitu, anatazama tu. Hiyo ni 48 kwa kipindi. Zoezi moja ni saa tatu, kwa hiyo vipindi viwili kwa siku, siku tano: nafasi 480 kwa wiki. Mwaka wa kwanza, wa pili na wa tatu wote wanapita humo humo, na nafasi zilizobaki ni chache mno.

"Hawa wapya nitawaweka wapi?"

"Tutafungua vipindi vya jioni, mama," Rasi wa Ndaki akajibu.

"Sawa, baba. Na nani atawasimamia? Mafundi tuko wawili. Mtoto haachwi peke yake na umeme."

Afisa utumishi akaongeza kwamba nafasi za mafundi sanifu hazimo kwenye ikama, yaani orodha ya nafasi za kazi zilizoidhinishwa, ya mwaka unaoanza, na hata zikiombwa, zinasubiri kibali cha ajira kutoka Ofisi ya Rais, Utumishi. Mhasibu akakumbusha ukomo wa bajeti wa Hazina. Profesa mmoja alipinga kwa nguvu: tukipunguza namba, wizarani tutaonekana wavivu. Namheshimu mpaka leo, ila hapo nilikuwa upande wa mama. Mzazi wa Chunya au Makete anayeuza viazi ili mwanawe awe mhandisi anastahili mwanawe aguse kifaa, si kukiangalia juu ya mabega ya wenzake.

Tulibishana hadi chai ikapoa. Mwishowe mwenyekiti akaniambia nifute, nipange mistari upya: kwanza mafundi sanifu wawili na meza 6 za ziada ndani ya miaka miwili, kisha udahili uongezeke kwa nusu kuanzia mwaka wa tatu wa mpango, na usianze kabla ya hao wawili kuripoti kazini. Meza 18 ni nafasi 720. Nilipiga hesabu hiyo mara mbili kabla ya kuichapa.

Haikupita muda mrefu, mwaka huo huo, serikali ikasimamisha ajira mpya ili kuhakiki watumishi hewa. Mstari wa mafundi ukasimama, na ule wa udahili ukasimama nao. Kama tungebaki na ile shabaha ya mwanzo ya kuongeza udahili mara mbili, wanafunzi wangekuja wakati walimu wao wa maabara hawajaajiriwa.

Kwenye mapitio ya nusu ya kipindi tuliulizwa kwa nini udahili wa uhandisi uko nyuma. Nilikuwa nimeandaa maelezo marefu. Mwenyekiti hakuyahitaji; alionyesha mstari unaotangulia, ajira za mafundi sanifu, akasema chuo kiliamua kusubiri na kwamba uamuzi huo ulikuwa wa kwake na wa mama wa maabara.