Usiku niliogawiwa robo

Ilikuwa Januari 2014, Omaha, Nebraska, baridi ile ukivuta pumzi unasikia pua inaganda ndani, na mimi nina miezi mitano tu tangu nitoke Tanga. Nilikuwa napakia mizigo usiku kwenye stoo moja hivi, nikirudi nalala, nikiamka giza tayari, yani watu niliokuwa naongea nao kwa wiki walikuwa hawazidi watatu. Mmoja wao ni mzee wa nyumba ya jirani, Mmarekani, mstaafu wa reli. Alipiga kazi Union Pacific zaidi ya miaka 30, makao makuu yao yako hapohapo mjini. Ndiye aliyenionyesha namna ya kukwangua barafu kwenye kioo cha gari bila kukikwaruza, na nilikuwa namheshimu kama ningemheshimu mzee yeyote wa mtaani kwetu.

Sasa Jumamosi moja sina zamu akanigongea mlango, akaniuliza karata unajua? Nikamwambia najua, na kweli najua, nimekulia barazani kwa babu, turufu ikipigwa pale jirani anajua nani kashinda. Akasema vaa koti twende. Tukavuka daraja la mto Missouri mpaka Council Bluffs, upande wa Iowa, kwa rafiki yake, chini kabisa kwenye bezimenti kuna meza ya duara na watu wanne wanatusubiri.

Nikadhani tunacheza poka ile ya karata mbili niliyoizoea kuiona kwenye tivii. Nikagawiwa nne. Mzee akaniinamia sikioni akasema huu unaitwa Omaha, wa juu na chini. Nikamwambia kumbe mchezo wa hapa kwenu! Akatikisa kichwa, akasema jina tu, mchezo umekulia kule Las Vegas miaka ya 80 mwanzoni, kasino ya Golden Nugget, na watu wa mji huu wengi hawaujui.

Alinieleza hivi. Una karata nne mkononi, mezani zinafunuliwa tano za wote, tatu kwanza, halafu moja, halafu moja. Mzigo wa katikati, yani pesa zote zilizowekwa, unakatwa nusu mbili. Nusu anachukua mwenye mkono mkubwa, yani karata tano ulizounganisha, kama poka ya kawaida, nusu nyingine anachukua mwenye mkono mdogo kuliko wote, ila huo mdogo una masharti: karata tano tofauti, hakuna inayozidi nane. Ree inahesabika moja, kwa hiyo mdogo kuliko yote ni ree, mbili, tatu, nne, tano. Asipokuwepo mwenye mkono mdogo uliotimia, wa juu anabeba wote. Halafu akanyanyua vidole, viwili mkono huu vitatu mkono huu, akasema mbili kutoka kwako, tatu kutoka mezani, siku zote, hata dunia ikipinduka.

Nilimsikia vizuri tu. Lakini kusikia na kucheza ni vitu viwili, maana haikupita nusu saa mezani zikalala kopa nne na mimi nina ree ya kopa, nikaona kopa tano, rangi moja tupu, mkono mkubwa huo, moyo ukanienda mbio, nikapandisha dau, nikapandishiwa, nikafuata mpaka mwisho, nikaiweka ile ree mezani kwa kishindo kama barazani. Kimya. Mzee akanigusa mkono taratibu, akanyanyua vile vidole viwili. Nilikuwa na kopa moja tu mkononi. Kwa sheria ya huu mchezo kopa moja si kitu, ya pili ilibidi itoke kwangu pia, na haikuwepo. Hakuna aliyecheka, na hilo sitalisahau, watu wale walikuwa na adabu.

Lakini iliyonifungua macho ni nyingine, ilikuja kama saa nne usiku. Nilishika ree ya shupaza, mbili ya uru, kingi na tisa. Mezani zikaja tatu ya kopa, saba ya kopa, nane ya maua. Nikahesabu kwenye vidole chini ya meza: ree, mbili, tatu, saba, nane. Mkono mdogo umetimia na hakuna anayeweza kuwa na mdogo zaidi ya huo! Basi kila zamu yangu ikifika napandisha. Tumebaki watatu, mimi, mzee na mama mmoja wa makamo aliyekuwa anafuma soksi kati ya mkono na mkono. Ikaja jeki ya kopa, nikapandisha. Ikaja kingi ya shupaza, nikapandisha tena. Kila mmoja wetu katoa visahani 32, vile vya plastiki, kimoja robo dola, na waliotupa mapema waliacha vinne. Jumla 100.

Tukafunua. Mzee ana kopa mbili mkononi, ree na tisa, zikaungana na zile tatu za mezani, nusu ya juu yake. Nikanyoosha mkono kuvuta nusu yangu na yule mama akafunua ree na mbili. Kama zangu kabisa.

Mzee akaomba wasubiri kugawa tena. Akavipanga visahani mwenyewe, polepole, hamsini akavuta kwake. Hamsini zilizobaki akazigawa mbili, akasukuma 25 kwa mama, 25 kwangu. Halafu akachukua visahani 32 kutoka kwenye rundo lake mwenyewe akavijenga mnara kando ya zile 25 zangu, nione kwa macho. Mnara wake mrefu, wangu mfupi. Nimeshinda, na nimepungukiwa saba. Akaniuliza, wakati unapandisha ulikuwa unamtoa nani pesa? Nikakosa jibu, maana mzigo wote nilikuwa napata robo yake tu, kila kisahani nilichoongeza kinarudi robo tatu.

Ukweli ni kwamba toka hapo nilianza kuiangalia ree na mbili kwa jicho jingine. Ni nzuri, ndiyo, ila peke yake inakimbilia nusu moja tu, tena nusu ambayo wengine wanaikimbilia pia. Inataka na kitu cha kwenda juu, karata ya rangi moja na ree, au tatu pembeni ya kukuokoa mezani ikidondoka mbili nyingine ikaiua ya kwako. Usiku ule nilirudi na dola 11 kati ya 20 nilizoenda nazo.

Tulipofika nje kwetu mzee hakuzima gari, hita inavuma, akatoa pakiti ya karata mfukoni akaanza kunigawia nne nne juu ya dashibodi. Hizi? Natupa. Hizi? Nacheza. Hizi, ree, mbili, tisa, tisa, rangi nne tofauti? Nikafikiri sana nikasema naingia kwa bei ndogo, wakipandisha sana natupa. Akaguna, nikajua nimepatia.

Halafu akanikabidhi pakiti yote. Akasema haya, sasa nionyeshe ya kwa babu yako. Nikachanga, nikamkatisha, nikagawa, nikafunua kopa nikamwambia hii ndiyo turufu, hii inakula zote. Akasema tulufu. Nikamwambia hapana mzee, turufu. Akairudia mara mbili tatu kwa sauti ndogo huku anapekua karata zake kutafuta kopa.