Maiti haina saa mkononi

Ndiyo tumetoka kwenye kikao cha waandishi wa hadithi za upelelezi, hapa katikati ya jiji. Mgeni wa leo: daktari mstaafu wa upasuaji wa maiti. Chai imepoa vikombeni.

Swali la kwanza: mpelelezi anaweza kusema "alikufa saa tatu na robo"?

Daktari akacheka. Ni makadirio tu.

Mwili huanza kukakamaa taya na shingo, saa 2 hadi 4 baada ya kufa. Baada ya saa 12 hivi umekakamaa wote, kisha hulegea baada ya siku moja au mbili. Joto la Mombasa huharakisha, baridi ya Limuru mwezi wa Julai huchelewesha. Kwa hiyo panga kwanza hali ya hewa, ndipo umuue mtu wako.

Lakini kilichotunyamazisha ni damu. Moyo ukisimama, damu hushuka upande wa chini na kuacha mabaka ya zambarau. Palipogusa sakafu hubaki peupe, hata alama ya mkanda huonekana.

Akabonyeza kiganja chake kwa kidole gumba. Pakawa peupe, rangi ikarudi.

Mabaka ya mapema nayo hufifia ukibonyeza. Baada ya saa 8 hadi 12, mengi hayafifii tena.

Sasa marehemu yuko kifudifudi na mabaka yako mgongoni? Kuna mtu alimgeuza.

Nusu ya chumba ikaanza kufuta sura za hadithi zao.

Wenzangu, mwezi ujao tumwite nani: mtaalamu wa alama za vidole, au askari wa kuandika OB, kile kitabu cha matukio cha kituo cha polisi?