Dalali alinitajia bei halisi bila kujua

Nyie watu wa "ardhi haishuki bei, lipa tu", mkae mbali na mimi. Ushauri wenu nusura unile milioni ishirini hivi.

Nyumba niliyotaka kununua iko Goba, Dar es Salaam. Vyumba vitatu, kimoja masta, fensi, kiwanja kama 20 kwa 20, ukiiacha lami unashuka bondeni. Bei milioni 95, "maongezi yapo". Nikapita kwa madalali wengine pale Njia Nne kuuliza nyumba za hivyo zinakwendaje. Kazi bure. Mnunuzi akiuliza, kijiwe kizima kinaitikia: bosi wangu, hiyo bei ya kutupa!

Nikageuza kibao. Nikamkalisha shemeji, akampigia dalali yuleyule aliyenitajia 95, kwa laini yake, sauti ya juu nami nisikie. Safari hii yeye ndiye muuzaji: ana nyumba ya vyumba vitatu, bonde lilelile, anataka tisini. Jamani! "Kaka, tisini akupe nani? Masika gari haishuki huko. Hati hamna, mna karatasi za serikali ya mtaa tu. Maji ya bomba yameishia juu. Ukipata sitini na tano, sabini, chukua haraka." Mimi kalamu mkononi, naandika kila neno. Mthamini angenitoza laki kadhaa kwa ukaguzi huo, huyu kanifanyia kwa vocha ya shemeji.

Sikumwamini yeye peke yake, lakini. Mpangaji wa nyumba ya jirani, inayofanana kabisa, analipa laki tatu kwa mwezi. Kwa 95, hela yangu ingerudi baada ya miaka 26! Fundi naye akakadiria jengo, nikajumlisha na bei ya kiwanja kitupu, haikufika 75. Bei ya kiwanja usimuulize dalali. Muulize aliyenunua karibuni mtaa huohuo, mjumbe anamjua.

Karatasi na mwanasheria mnajua wenyewe. Siku ya maongezi nilimsomea mwenye nyumba kasoro zote moja moja, dalali kakaa pembeni anatikisa kichwa kana kwamba anazisikia mara ya kwanza. Tukamalizana sabini na kitu.

Laini ya shemeji inapigwa mpaka leo. Dalali anauliza ile nyumba bado ipo, kapata mteja, ila bei ibaki ileile sitini na tano. Huyo mteja katajiwa tisini, na cha juu mnajua kinakwenda wapi.